Konokono Shingoni mwa Mbuzi

Bi Nassra Miraji wa mtaa wa Amani alikuwa hajapata kurudisha sahani tupu. Tangu aolewe na kuhamia mtaa ule, miaka thelathini na moja sasa, hakuna bakuli la jirani lililoingia kwake na kitu likatoka halina kitu. Likija na muhogo wa nazi, litarudi na kaimati. Likija na samaki wa kupaka, litarudi na mkate wa kumimina, tena kile kipande cha katikati kilichoumuka vizuri. Na ikitokea nyumba imekauka, hata unga haumo, bakuli la watu litakaa kabatini kwake siku tatu, siku nne, mpaka apate cha kulitilia. Kwake yeye aibu ya kuchelewa ilikuwa nafuu kuliko aibu ya utupu.

Kazi yake ilikuwa upishi. Kila asubuhi, isipokuwa Ijumaa, alikuwa Mji Mkongwe, kwenye kichochoro kimoja cha Kiponda, akiwapikia chai na chapati wageni wa nyumba ndogo ya vyumba saba. Mwenye nyumba hiyo aliitwa Danish, mwanamume wa miaka arubaini na kitu, mnene, mpole, wa ukoo wa wafanyabiashara wa Kihindi waliokaa Unguja tangu enzi za babu wa babu yake. Danish alikuwa na pumu, na alikuwa na vespa ya kijivu iliyokuwa na pumu kuliko yeye.

Kwa adabu zake za sahani, Bi Nassra alikuwa kama kadhi wa mtaa. Watu walikuja kumuuliza: jirani akikuletea kitu usichokula, unarudisha nini? Sinia la harusi linarudishwa na harusi au na mtu? Naye alijibu bila kusitasita. Lakini kadhi naye huwa na kesi yake, na ya Bi Nassra ilikuwa na Bi Wanu, jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Ramadhani iliyopita alimpelekea Bi Wanu bakuli la pweza wa nazi. Bakuli likarudi na nusu ndimu.

"Ingekuwa ndimu nzima nisingesema kitu," alisimulia kila aliyekubali kusikiliza. "Lakini nusu! Tena ishakamuliwa!"

Bi Wanu alijitetea kwamba ile ndimu ilikuwa ya kutolea shombo, imesahaulika humo wakati wa kuosha. Bi Nassra hakukubali. Miezi minane wakawa hawasemezani. Wakikutana mlangoni, Bi Nassra alimsalimia jogoo wa Bi Wanu, "Umeamkaje, jogoo?" na Bi Wanu akamjibu kwa niaba ya jogoo, "Mwambieni hajambo."

Basi ndivyo mambo yalivyokuwa siku Bi Nassra alipoanza kuushuku ukuta.

Dirisha la jiko la Danish lilitazama ukuta wa nyumba ya zamani isiyokaliwa na mtu. Ukuta wenyewe haukuwa na lolote: chokaa imebanduka, mawe yametokeza, mmea umeota juu. Lakini wageni walikuwa wanaupenda. Walikuja wawili wawili na simu mkononi, wanatazama simu, wanatazama ukuta, wanatazama kulia na kushoto kama wezi wa kuku, kisha wanaanza kupapasa mawe. Mtu akipita, mara moja wanainama na kujifanya wanafunga kamba za viatu. Bi Nassra alihesabu. Kwa juma moja watu tisa walifunga kamba za viatu mahali pale pale, na wawili kati yao walikuwa wamevaa kandambili.

"Huu ni uganga," alijisemea. "Wameona huku hakuna mwenyewe, wamezika kitu."

Jumatatu moja, alipomaliza vyombo, alishika upawa mkubwa, akasoma Ayatul Kursiy mara tatu, akavuka kichochoro. Akauchokoa ukuta kwa upawa kuanzia juu kuja chini. Jiwe moja lililokuwa usawa wa kiuno likacheza. Akalivuta. Nyuma yake mlikuwa na kikasha cha plastiki, cha kufunika kwa kubana, kama vile watu wanavyotilia mboga kwenye friji.

Hirizi haikuwamo. Mlikuwa na gololi mbili, penseli fupi, kifungo cha shaba, sarafu ya nchi asiyoijua, kijidaftari na konokono. Konokono wa mpira, ukubwa wa kidole gumba, gamba la manjano, macho yote mawili ameyaelekeza upande mmoja kama mtu anayesikiliza umbea wa nyumba ya pili. Shingoni alikuwa na mkufu mdogo wa chuma, na kwenye mkufu kibati kilichochongwa herufi na namba.

Bi Nassra akafungua kijidaftari. Majina, tarehe, lugha za kila namna. Lakini ukurasa wa kwanza, juu kabisa, palikuwa na mstari wa Kiswahili uliokolezwa wino: *Ukichukua kitu, acha kitu chenye thamani sawa au zaidi.*

Alisimama pale kichochoroni na upawa wake, nusura machozi yamtoke. Miaka yote hii alidhani yuko peke yake duniani. Kumbe kuna watu wa Ulaya, wa China, wa wapi sijui, wanatoka makwao kuja kubadilishana vitu ukutani kwa adabu ile ile ya sahani! Mwandiko wenyewe aliona kama anaujua, ila furaha ilikuwa nyingi, hakuufikiria.

Akamchukua konokono. Na kwa kuwa Bi Nassra hakuwa mtu wa "sawa" bali mtu wa "zaidi", alirudi jikoni akatwaa visheti sita vya asubuhi ile, bado vinang'aa shira, akavifunga karatasi, akavitia kikashani. Daftarini akaandika: *Bi Nassra, mpishi. Visheti ni vya leo.* Akafunika, akarudisha jiwe, akaenda zake ameridhika.

Sasa, usiku wa kuamkia siku hiyo Bi Wanu alikuwa amefanya jambo kubwa. Baada ya miezi minane alimletea Bi Nassra bakuli la kisamvu. Hakusema neno, alilitua mlangoni, akabisha hodi, akakimbia. Bi Nassra alijua huo ni mtihani. Bakuli hilo likirudi na kitu cha kawaida, amani itakuwa ya kawaida. Likirudi na kitu cha ajabu, basi hata mtaa wa pili watasikia. Na nyumbani unga ulikuwa umekwisha. Akatazama mayai matano yaliyokuwapo. Akatazama konokono. Akayapanga mayai ndani ya bakuli, na juu yake akamweka konokono na mkufu wake, kama sultani juu ya mito.

Bi Wanu alipofunua alitoa sauti iliyomfanya jogoo akimbilie uani. "Bi Nassra! Kitu gani hiki, shoga yangu?"

"Cha Ulaya hicho," alisema Bi Nassra kwa unyenyekevu wa uongo. "Hakijaonekana Amani nzima."

Wakakumbatiana. Kesi ya nusu ndimu ikafutwa.

Siku ya tatu, saa nne za asubuhi, kichochoro cha Kiponda kikapasuka kwa ukelele. Bibi mmoja wa Kizungu alikuwa amekitoa kikasha ukutani, amekifunua, na sisimizi walikuwa wamemfika kwenye kiwiko. Alikuwa anarukaruka huku anapiga mikono hewani, na mumewe badala ya kumsaidia anampiga picha. Danish alitoka mbio na pampu yake ya pumu mkononi, akampangusa bibi wa watu, akamwomba radhi, akakiokota kikasha. Akafungua kijidaftari kilichoganda kwa shira. Akasoma.

"Bi Nassra!"

"Naam!" Sauti ilitoka jikoni, changamfu.

Danish akaingia, akakiweka kikasha juu ya meza. Sisimizi wachache waliendelea na safari yao kuelekea kwenye sukari.

"Bi Nassra, shikamoo."

"Marahaba. Lakini ulishanisalimia asubuhi."

"Nakusalimia tena kwa sababu sijui nianzie wapi." Akavuta pumzi. "Hiki kikasha ni changu."

"Chako wewe?"

"Mimi ndiye niliyekificha. Miaka miwili sasa." Akamweleza. Kuna mchezo, alisema, unaochezwa dunia nzima. Mtu anaficha kikasha mahali, anaandika kwenye mtandao mahali penyewe palipo, na wengine wanakitafuta kwa simu zao. Wakikipata wanaandika majina, wakitaka wanabadilishana vidude, wanakirudisha kama kilivyokuwa. Alikiweka pale ili wachezaji wakija wauone mlango wake, na wengine walikuwa wamelala kwake kwa sababu hiyo. "Na wewe ukatia visheti."

"Sita," alisema Bi Nassra. "Kwa kidude kimoja. Mstari unasema sawa au zaidi. Nimemdhulumu nani?"

"Hukumdhulumu mtu. Lakini chakula hakiingii kikashani, Bi Nassra. Hata kiwe kizuri vipi. Kinaoza, kinaita wadudu. Ni sharti la mchezo."

Bi Nassra alifikiri. Adabu ya kugawana isiyokuwa na chakula ndani yake aliiona kama harusi isiyokuwa na bibi harusi. Lakini sisimizi walikuwa wamefika kwenye kopo la sukari, na ushahidi ni ushahidi. "Haya. Hilo nimelisikia. La pili?"

"La pili, konokono yuko wapi?"

"Si nshamchukua? Nimembadilisha kwa visheti."

Danish akakaa kwenye kigoda. "Yule habadilishwi. Hukuona kibati? Yule si kidude, yule ni msafiri."

"Msafiri wa wapi?"

"Ametoka Estonia, huko kaskazini kabisa. Mwenyewe ni mzee mmoja aliyekuwa mpeleka barua, kastaafu. Magoti yamemkatalia, hatembei tena, basi kamtoa konokono atembee badala yake. Kila konokono anapofika, aliyemchukua anaandika ile namba kwenye simu, na mzee kule anaona. Amepita Ureno, Moroko, Misri. Anataka visiwa. Ukimchukua, kazi yako ni moja tu: umpeleke mbele, umweke kwenye kikasha kingine, uandike. Haruhusiwi mtu kumfanya wake. Wala kumpa mtu zawadi."

Bi Nassra naye akakaa, juu ya gunia la mbatata.

"Bi Nassra?"

"Nilimtia kwenye bakuli la Bi Wanu," alisema polepole. "Juu ya mayai."

Kule Amani watu wangeapa kwamba mwanamke huyu hana doa katika adabu. Na yeye alikuwa amemgawa mgeni wa watu kama anayegawa kitunguu.

Jioni alimkuta Bi Wanu uani anachambua mchele. Njiani kote alikuwa ametunga maneno. Kuomba zawadi irudi ni kosa ambalo hata yeye hakuwa na hukumu yake, kwa sababu hajapata kusikia mtu aliyelithubutu.

"Bi Wanu, shoga yangu. Kile kitu cha Ulaya, je, kinakupendeza sana?"

"Kilinipendeza mno!"

"Kilikupendeza. Sasa hivi je?"

Bi Wanu akaacha mchele. "Nshampa shemeji Mjaka wa Fumba. Alileta kikapu cha madafu jana. Ningekirudisha kikapu kitupu? Wewe ungesema nini?"

Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Bi Nassra alitamani mtu mmoja, japo mmoja tu, awe amerudisha chombo kitupu.

Jumamosi wakaenda Fumba. Danish aliendesha vespa, Bi Nassra alikaa ubavu nyuma, mkono mmoja kamshika Danish mkanda, mkono mwingine kakumbatia mkate wa kumimina mzima uliofungwa kwenye kitambaa. Kila penye kilima vespa ilikohoa, na Danish akakohoa, na Bi Nassra akasema "Inshallah" kuwaombea wote wawili. Wakazipita zile nyumba mpya zilizopangwa kama meno ya bandia, wakaingia kijijini, wakauliza kwa Mjaka.

"Yupi? Mjaka wa mbuzi wa serikali?" akauliza mwanamke mmoja aliyekuwa anaanika kanga. Alipolitaja jina hilo aliitazama kanga yake kwa wasiwasi, akaianua.

Hawakuelewa mpaka walipofika. Mzee Mjaka, mrefu, mkavu, ndevu za katani, alikuwa amekaa barazani kwake. Mbele yake, katikati ya njia, alikuwa amesimama beberu mwekundu mwenye macho ya dharau. Na shingoni mwa beberu, kwenye kamba ya makumbi ya nazi, alining'inia konokono wa manjano na kibati chake.

"Shikamoo, Mzee Mjaka."

"Marahaba, karibuni. Msipite mbele yake, hapendi."

Wakakaa. Zikaulizwa hali za watu wote, na mkate ukafunuliwa. Mzee Mjaka alimega, akatafuna, akafumba macho. Ndipo Bi Nassra akaeleza yote: ukuta, kikasha, mzee wa Estonia na magoti yake, na aibu iliyompata.

Mzee Mjaka alisikiliza mpaka mwisho. "Mwanangu, ninakuonea huruma. Na huyo mzee namwonea huruma, magoti nayajua mimi. Lakini sikupi."

"Kwa nini, mzee wangu?"

"Huyu mbuzi alikuwa mwizi. Anakula mihogo ya watu, anakula nguo, kapigwa mawe mpaka kachubuka. Siku nilipomvika hicho, nilitaka apendeze tu. Watu wakaona kibati, wakaona namba. Wakauliza, Mjaka, hii namba ya nini? Nikasema sijui. Wallahi sikusema uongo, sijui. Lakini mtu akiona namba na hajui ya nini, hudhani ni ya serikali." Akamega kipande kingine. "Tangu hapo hakuna anayemgusa. Juzi kala buibui ya mke wa Simai, na mke wa Simai ndiye aliyekuja kuomba radhi."

Danish alicheka mpaka akatafuta pampu. Bi Nassra hakucheka. Alikuwa ameona njia.

"Mzee Mjaka, mimi siji kuchukua. Mimi nimekuja kubadilishana. Thamani sawa au zaidi."

"Mkate wako ni zaidi," alikiri mzee. "Lakini mbuzi havai mkate."

Ikaanza biashara ambayo Fumba haijapata kuiona. Danish alitoa miwani yake ya jua. Beberu akavikwa, akaitupa. Akatoa kalamu yenye kimwezi kinachong'aa. Beberu akaila, mwezi na kalamu. Akatoa kitambulisho cha zamani cha chama cha wauzaji viatu, chenye picha yake akiwa mwembamba. Mzee Mjaka akaikodolea macho picha, akamkodolea macho Danish, akasema kijijini wataona ni ya mtu mwingine.

"Mfukoni una nini tena?" aliuliza Bi Nassra.

"Sina."

"Kinagongana. Nnakisikia."

Danish akatoa ufunguo wa chumba namba sita, ambao wageni walikuwa wameurudisha asubuhi ile. Ufunguo wenyewe haukuwa kitu, lakini ulining'inia kwenye bamba la shaba, pana kama kiganja, alilochongewa na fundi wa Mlandege ili wageni wasiusahau mifukoni. Katikati palichongwa *6*, kubwa, na chini yake: *MALI YA NYUMBA. USITOKE NALO.*

Mzee Mjaka akanyoosha shingo. Hata beberu akanyoosha shingo.

"Hapana," akasema Danish. "Hili ni la chumba. Seti nzima nilichongesha pamoja!"

"Danish." Bi Nassra alimkazia macho. "Ule mstari wa kwanza kwenye kijidaftari. Kauandika nani? Si mwandiko ule ule unaoniandikia kila siku 'tungule kilo mbili, bizari nyembamba, usisahau'?"

Danish akatazama chini. "Mimi."

"Sawa au?"

"Au zaidi," alisema Danish, akaanza kuuchomoa ufunguo.

Mzee Mjaka alilipima bamba kwa mkono, akaligonga kwa kucha likalia ngaa. "Sita," akasema. "Watu wataniuliza, na hao watano wako wapi?"

"Utawaambia hujui," alisema Bi Nassra.

"Na kweli sijui!" Mzee akafurahi sana.

Kumvua beberu konokono ilikuwa kazi ya watu watatu. Alipoona mkufu unatoka alidhani ameachishwa kazi, akarudi nyuma hatua nne na kumpiga Danish kichwa cha paja, Danish akaketi ndani ya beseni la dagaa. Lakini bamba lilipomning'inia kifuani alitulia, akalitazama, akakohoa kidogo kama mtu anayetaka kuanza hotuba. Kabla ya kuondoka, Danish, huku ananuka dagaa, alimpiga picha konokono akiwa amekaa baina ya pembe za beberu. Akaingiza namba kwenye simu, akaandika ukweli wote, hata wa mayai.

Jibu la mzee wa Estonia lilikuja siku ya pili, Danish akalitafsiri jikoni. Mzee alisema hakukasirika. Alisema miaka thelathini ya kupeleka barua imemfunza kwamba kinachopotea mara nyingi kinatembelea tu. Na aliuliza kama mbuzi hajambo.

"Umeona?" alisema Bi Nassra. "Huyo ana adabu. Kauliza hali kwanza."

Akabaki konokono kupelekwa mbele. Danish alitaka kumrudisha ukutani tu, aje amchukue atakayekuja. Bi Nassra akakataa. Hatamwacha tena kwa mtu asiyemjua. Akamweka kwenye kikombe juu ya kabati la jiko, na kila mgeni aliyecheza mchezo ule akahojiwa. Kijana wa Kitaliano aliangushwa kwa sababu aliacha nusu chapati. Bwana na bibi wa Kiholanzi waliangushwa kwa sababu waligombana mezani juu ya nani alipoteza tiketi.

Ndipo akaja Savita, mwanamke mzaliwa wa Mji Mkongwe, mwalimu wa hesabu huko Mombasa, aliyelala siku mbili akielekea kisiwani Ngazidja kumtembelea rafiki yake. Alikuwa mchezaji wa vikasha wa miaka mingi. Bi Nassra alimkalisha kwenye kigoda kama anayekuja kuposa.

"Huko uendako, kikasha kipo?"

"Kipo kimoja Moroni, Bi Nassra. Nshakitazama kwenye ramani."

"Umepata kupoteza kitu maishani?"

"Miavuli."

"Mingapi?"

"Minne," alisema Savita, mwalimu wa hesabu, maana hakuweza kudanganya kwenye namba.

Bi Nassra alitafakari. "Miavuli hupotea yenyewe. Hiyo haihesabiwi. Ukimfikisha, utaandika siku hiyo hiyo?"

"Saa hiyo hiyo."

"Na hutampa mtu?"

"Hata aniletee kikapu cha madafu," alisema Savita, kwa sababu Danish alishamsimulia yote.

Bi Nassra akamtoa konokono kikombeni, akampangusa kwa pindo la kanga, akamkabidhi kwa mikono miwili. Savita akampokea kwa mikono miwili. Danish alitaka kusema kwamba ni mpira tu, akaona asiseme.

Tangu siku hiyo kikasha cha Kiponda kikapata msimamizi. Kila Alkhamisi Bi Nassra alikitoa, akakifuta, akakihakiki. Vitu alivitia yeye mwenyewe kutoka maduka ya Mlandege: vishikizo vya nywele, vioo vidogo, filimbi. Alimfuma bwana mmoja akichukua filimbi na kuacha kifuniko cha chupa ya soda, akamfuata mpaka kona ya pili ya kichochoro, akakirudisha kile kifuniko mkononi mwake na kumwambia kwa Kiswahili safi, "Fadhila ya punda ni mashuzi." Bwana yule hakuelewa hata neno moja, lakini alielewa. Alirudi akaacha dira.

Na palikuwa na ubishi kila juma kati yake na Danish, kama gololi ni sawa na kishikizo, na kama kishikizo kilichotumika mara moja kimepungua thamani au kimepata historia. Bi Wanu aliletwa siku moja kuwa shahidi. Akasema yeye kwenye mambo ya thamani hana tena ujasiri wa kusema, akala chapati mbili na kurudi kwake.

Siku ya kumi na tisa tangu Savita aondoke, Danish aliingia jikoni na simu. Bi Nassra alikuwa anakaanga vitunguu vya pilau.

"Ameandika. Alifika zamani, ila huko mtandao ulikatika. Tazama."

Bi Nassra akafuta mikono. Picha ilionyesha ukuta wa mawe meusi, na bahari nyuma yake, na juu ya ukuta konokono wa manjano, macho yote mawili upande mmoja. Bi Nassra hakuwa amepata kutoka Unguja ila mara moja tu, kwenda Pemba kwenye msiba, na akatapika kwenda na kurudi. Alitazama kwa muda mrefu.

"Ikuze."

Danish akaikuza.

"Amekonda?"

"Ni mpira, Bi Nassra."

"Nauliza tu." Akasogeza uso karibu na kioo. "Na huko nyuma, zile nyumba, wanaanika nini pale kwenye roshani? Nguo au samaki?"

"Sioni vizuri. Nguo, nadhani."

"Mwandikie umuulize."

Danish akaanza kuandika. Bi Nassra akaikimbilia sufuria, maana vitunguu vilikuwa vishaanza kushika chini.